Jino Lililotupwa Juu ya Mabati

Wapenzi wafiwa, majirani, na ninyi wote mulioacha kazi zenu mukapanda hiki kilima cha Cimpunda, mimi Didier, mudogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Docteur Philémon Zagabe, daktari wa meno.

Alizaliwa Luvungi, tarehe 14 mai 1971, mutoto wa kwanza wa papa Edouard na maman Constance, akasoma primaire palepale, secondaire hapa Bukavu, kisha Kinshasa, alikopata diplome yake mwaka 2001. Tarehe 9 août 2008 alifunga ndoa na maman Francine, Mungu akawapa mutoto mumoja tu, Olive, tarehe 3 juin 2011.

Kazi yake iliwachokesha wazazi wa watoto aliowatibu, maana mutoto akianguka na kuvunja jino la mbele, wao walitaka litengenezwe siku ileile, yeye akawaambia ni safari ya miaka, kuokoa kwanza muzizi, kuangalia kila mara, kulinda nafasi mpaka taya limalize kukomaa, ndipo waweke jino la kudumu, hata wakamuita Docteur Rudi-Tena. Kila dimanche alisimama kanisani akiwaomba wazazi, jino la utoto mulitupe juu ya nyumba kama wazee wetu, lakini la ukubwa likitoka, mulitie mu maziwa lisikauke, mulilete mbio nilirudishe.

Tarehe 20 octobre 2020 Olive mwenyewe akaanguka, jino la ukubwa likatoka zima, na nyanya yake, maman Constance, kwa mapendo tu, akalitupa juu ya mabati akimuombea jipya. Kaka alipanda kulitafuta, akalikuta limekauka, akalirudisha kinywani akijua halitadumu, akapanga kumutunza mutoto wake mpaka afikishe miaka kumi na nane.

Kaka hakufika. Figo zilimushika mwaka jana, vita ikafunga njia, dawa zikakosekana, akatuacha mardi, tarehe 3 mars 2026.

Jana, hapa kwenye kilio, jino lile likadondoka, maman Constance akanyoosha mukono alichukue, Olive akamwambia, "Koko, hili halirudi."

Tunawashukuru madaktari waliohangaika mikono mitupu, majirani waliolala nasi inje, na wenzake wa kazi, waliotuambia kweli bila kutuficha, kwamba watoto aliowaanza hawana wa kuwamalizia.

Lala, kaka, umechoka. Na wewe haurudi.