Kipimo na Kaunta Yake ya Wiski

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wazee mliokaa mstari wa mbele kwa mpangilio wenu uleule wa siku zote, poleni na asanteni kwa kuja kutusindikizia mtu wetu. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa, nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu wenzangu wamesema nina sauti, ingawa nadhani walitaka kusema nina mdomo, basi nitasoma kama tulivyoandika jana pamoja na watoto wake, na pale nitakapochomeka la kwangu mtaniwia radhi.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa baba fundi vyuma na mama mshonaji, katika familia ya watoto watano ambao sasa tumebaki wawili. Jina hilo hakulipata baa kama mnavyodhani, alipewa na mama, kwa sababu akitumwa dukani kununua mafuta ya taa alikuwa haondoki mpaka tone la mwisho lidondoke kutoka kwenye kopo la kupimia, na muuza duka akimwona anakuja alikuwa anageukia ukutani na kujifanya anapanga sabuni.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari ya kutwa hadi mwaka 1970, ambako alifaulu hesabu na jiografia na akafeli muziki, jambo ambalo halikumzuia kuimba hadi uzeeni. Baba alikuwa amekwisha kumwombea nafasi karakana, lakini kaka alipita mbele ya hoteli iliyotazamana na stesheni, akaona wahudumu wamevaa shati jeupe na tai nyeusi, akarudi nyumbani na kusema kwamba yeye na chuma basi tena. Baba alinuna mwezi mzima, mama akamshonea shati.

Aliajiriwa katika hoteli hiyo tarehe 2 Januari 1971, akianza kwa kuosha glasi jikoni, na mwaka 1974 akakabidhiwa kaunta ya baa, ile ya mbao nzito nyekundu iliyolika pale watu wanapoegemeza viwiko, yenye stuli za ngozi mbele yake na kioo kirefu nyuma yake, ambacho alikuwa akikifuta kwa gazeti lililolowekwa maji kila asubuhi. Enzi hizo, kwa wale mnaozikumbuka, bia ilikuwa ya kiu na wiski ilikuwa ya mazungumzo, mtu akipandishwa cheo aliagiza wiski, akipata mjukuu aliagiza wiski, akigombana na mkewe aliagiza wiski na kaka akamsikiliza mpaka hasira zishuke, halafu akamwambia, "Mzee, sasa nenda nyumbani ukaombe radhi."

Ulikuwepo utaratibu wa kaunta ile ambao sijausikia kwingine, kwamba mteja wa siku nyingi hakununua toti mojamoja, alinunua chupa nzima, kaka akaibandikia plasta yenye jina lake, akachora mstari mdogo wa penseli pale kinywaji kilipoishia, akairudisha kwenye rafu kumsubiri mwenyewe kesho yake. Hizo ziliitwa chupa za wenyewe, hazikuguswa na mtu mwingine hata kama mwenyewe amesafiri mwaka, na mwenyewe akifariki kaka aliifunga chupa yake uzi mweusi shingoni na kuipandisha rafu ya juu, ikakaa huko na kilichomo ndani yake. Mimi pombe sijawahi kuionja na sitaionja, lakini siku moja nilimpelekea funguo alizosahau, nikasimama mlangoni, nikamwona anaishusha chupa ya mtu, anaifuta shingo kwa kitambaa, anamimina, anaigeuza lebo imtazame mwenye chupa, kisha anaisogeza glasi taratibu kwa vidole viwili, nikasema moyoni kwamba mtu anayefanya kazi hivi mwache aifanye.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona hapa, wakati huo akiwa karani wa mapokezi katika hoteli hiyohiyo. Posa yenyewe ilikuwa ya namna yake, kaka alichukua kikombe cha chai cha binti yule, akakibandika plasta yenye jina lake, akakiweka kwenye rafu katikati ya chupa za wazee, wifi alipokiona akauliza ni mzaha gani ule, kaka akajibu kwamba yeye kwenye rafu ile hafanyi mzaha. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1977, ambaye ni muuguzi, wa pili mwaka 1980, ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba mwaka 1986, ambaye alifungua duka la juisi, na baba yake akalipokea hilo kiume.

Sasa niseme habari ya mabadiliko, maana ndiyo iliyomzeesha kaka kuliko miaka. Hakuna aliyetangaza kwamba wiski imepitwa na wakati, ilikuwa tu kwamba huyu daktari kamwambia presha, yule kaambiwa sukari, mwingine mkewe kakataa katakata, wakala wa kampuni ya wiski aliyekuwa akija kila wiki na kalenda na miavuli akawa anaonekana mara moja kwa mwezi, baadaye akawa anakuja na makopo. Vijana waliingia, tena wengi na wenye adabu, lakini waliagiza vinywaji vya makopo vyenye rangi ya sabuni ya maji, au bia isiyo na kilevi, au maji yenye limau na majani ya mnanaa, wakavipiga picha kwanza, na mmoja akaomba wiski ichanganywe na juisi ya embe. Kaka alimhudumia, lakini kabla ya kumimina aliigeuza lebo ya chupa ikatazama ukuta, na alipoulizwa kwa nini akasema hataki ione.

Tulicheka sana nyumbani aliposimulia hayo, ila wifi alijua, nami nilijua, kwamba chini ya kicheko kulikuwa na hofu. Kaka hakuogopa kufukuzwa kazi, kwa umri wake alikuwa na haki ya kupumzika muda wowote, aliogopa siku ambayo atasimama nyuma ya kaunta ile jioni nzima, na shati lake limepigwa pasi, bila mtu hata mmoja kumwomba kile anachokijua. Rafu ya juu ilikuwa inajaa na ya chini inapwaya, na binti wa mwenye hoteli, aliyeshika uendeshaji baada ya baba yake kuugua, alikwisha kusema kwa heshima zote kwamba kaunta ile inakula nafasi, afadhali ing'olewe pawekwe viti vya chini na meza za kahawa.

Mwaka 2016, mwezi wa Mei, ndipo likatokea lile ambalo wazee wa mstari wa mbele tayari wanacheka kabla sijalisoma. Fundi saa, mmoja wa wazee hao, alipiga simu hotelini kumpa kaka habari za mpima ardhi, mteja wa kaunta ile wa miaka yote, aliyekuwa haonekani kwa majuma kadhaa, na siku hiyo ndiyo mashine mpya ya kusaga matunda ilikuwa inajaribiwa palepale kaunta, inanguruma kama pikipiki. Fundi saa akasema, "Mpima ardhi ameacha," yaani ameacha pombe kwa amri ya daktari, na kaka kwa ngurumo ile akasikia, "Mpima ardhi ametuacha." Alikata simu, akazima mashine, akaifunga chupa ya mpima ardhi uzi mweusi huku machozi yanamtoka mbele ya wateja, akawakusanya wenzake wa jikoni na bahasha ya rambirambi, wakaenda hadi nyumbani kwa marehemu, wakamkuta marehemu amevaa fulana na kaptula anamwagilia mchicha.

Kila mtu pale aliangua kicheko, isipokuwa kaka, aliyemwuliza mpima ardhi kama ni kweli ameacha, na alipojibiwa kwamba ni kweli, akageuka na kuondoka bila kuaga. Alirudi nyumbani amekasirika kama mtu aliyeibiwa, akamwambia wifi kwamba yule mtu angekufa angalau angeelewa, lakini kuwa mzima, ana miguu, ana nauli, na bado asitokee, hilo hakulielewa. Walinuniana karibu miezi mitatu, watu wazima wenye wajukuu, mpaka wifi akachoka kusikiliza, akamwambia, "Mwenzio kaacha chupa, wewe umemwachisha na stuli," na mimi siku hiyo niliona kwamba kaka yangu alioa mtu anayemzidi.

Kesho yake kaka alinunua birika kwa fedha zake, akaliweka kaunta, akaufungua ule uzi mweusi kwenye chupa, kisha akaenda mwenyewe kwa mpima ardhi na kumwambia kwamba stuli yake inapata vumbi. Jioni ile alimmiminia chai ya rangi katika glasi ya wiski, rangi ni ileile, akaisogeza kwa vidole viwili, na mpima ardhi akakaa hadi saa tatu akibishana na fundi saa habari za mipaka ya viwanja. Habari zilienea, wakaanza kurejea mmoja mmoja wale wote waliokatazwa na madaktari na wake zao, huyu na chai, yule na maji ya uvuguvugu, mwalimu mkuu mstaafu na maziwa, na binti wa mwenye hoteli, ambaye ni mwelewa na leo yuko hapa, alipoona stuli zimejaa tena akaacha kusema habari ya kung'oa kaunta, akaihamishia mashine yake ya matunda upande wa pili. Kaka alifurahi, nisiseme uongo, lakini alipokuwa peke yake na wifi alikuwa akimwambia kwamba siku nzima imepita na hakuna aliyeagiza.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021, kwa sherehe ndogo iliyofanyika palepale kaunta. Tarehe 3 Oktoba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, daktari akamkataza hata ile glasi yake moja ya jioni, naye akaacha siku hiyohiyo, kisha akampigia simu mpima ardhi kumwarifu, akilitamka lile neno polepole, silabi kwa silabi, ili lisisikike vibaya. Alisafishwa damu kwa muda mrefu bila kulalamika, na mwishoni mwa mwezi Mei mwaka huu wa 2024 hali ilibadilika, akalazwa.

Jumatano tarehe 5 Juni, jioni, wazee hawa watatu waliingia wodini, fundi saa, mwalimu mkuu na mpima ardhi, wakavuta viti upande mmoja wa kitanda, nami nilikuwa nimekaa miguuni na wifi kichwani. Kaka alikuwa amefumba macho tangu mchana, lakini aliposikia sauti zao akauliza, kwa sauti ndogo ya kazini, kila mtu anakunywa nini. Fundi saa akasema chai, mwalimu akasema maziwa, na mpima ardhi, ambaye ana miaka minane hajaigusa na najua hataigusa, akakohoa na kusema, "Mimi nipe wiski, Kipimo. Ile yangu, na usinitilie barafu."

Mikono ya kaka ilinyanyuka juu ya shuka, ikashusha chupa isiyokuwepo, ikaifuta shingo, ikamimina, ikaigeuza lebo imtazame mwenyewe, na vidole viwili vikasogeza glasi hadi ukingoni mwa kitanda. Mpima ardhi aliipokea kwa mikono miwili, akanywa taratibu hadi mwisho, akashukuru. Na mimi, ambaye maisha yangu yote sijaruhusu pombe kutajwa nyumbani kwangu, nilimwomba Mungu mzee yule aagize na ya pili, na akaagiza.

Kaka alifariki asubuhi iliyofuata, Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkewe amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule muuguzi aliyeona muda wa kutazama wagonjwa umepita na akajifanya hakuona, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa hotelini wa zamani na wa sasa, na binti wa mwenye hoteli kwa gari alilotupatia. Ninyi wazee watatu sina neno la kuwashukuru, njooni tu nyumbani mtukalie.

Kaka yangu, wiski iliagizwa, na aliyeimimina ni wewe. Pumzika sasa, na iwe kwa amani.