Mpira Ambao Sikumpa Mwenzangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata leo, maana nasimama mbele yenu hapa Bwera na aibu yangu ninayo begani.

Mimi ni Bwambale, mzaliwa wa Bugoye. Kaka yangu Baluku alipooa, mimi ndiye niliyebaki kulinda mahindi ya mama yasiliwe na nyani. Peke yangu, na rundo la mawe. Nyani akishuka, unarusha mwenyewe au mnalala njaa. Ndipo mwalimu mmoja wa besiboli, ule mchezo wa gongo na kampira kagumu, akauona mkono huu. Akanifundisha. Nikasajiliwa ng'ambo, nikawa nalipwa kwa kucheza nyuma kabisa ya uwanja. Mama alicheza siku hiyo mpaka kitenge kikamdondoka!

Lakini kiburi, ndugu zangu! Mchezaji wa nyuma akidaka mpira humrushia mwenzake aliye katikati, naye huufikisha. Mimi? Thubutu! Niliurusha mwenyewe mpaka mwisho, kama kule kwa nyani. Kocha alifoka kila siku: "Mpe mwenzako!" Sikumpa. Mwaka wa pili bega likachanika. Nikapasuliwa mara mbili, halafu nikapewa tiketi ya kurudi.

Nyumbani sikufika. Nilijificha hapa hapa Bwera, nikibeba mizigo mpakani kwa bega la kushoto na kunywa pombe ya waragi. Mama alikuwa mwendo wa saa chache tu, nami kwenye simu namwambia huku ng'ambo kuna baridi. Miaka miwili! Ee Mungu wangu!

Siku moja sokoni dada yangu Biira akanishika shati.

"Mama iko mugonjwa sana," akasema. "Na anajua uko hapa. Mutu wa boda alikuona zamani. Mama alisema tukuache, utakuja mwenyewe."

"Mkono wangu umekufa, Biira. Nitamwonyesha nini?"

"Sasa mama alizaa mukono, ao alizaa weye?"

Tuliondoka saa ile ile. Tulipofika Bugoye wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Nilichelewa, ndugu zangu. Nilichelewa!

Kaburini kila mtoto alitupia udongo kwa mkono wa kulia. Nikachota, mkono ukagoma kifuani. Nikajaribu tena, ukagoma. Nilitamani kukimbia. Kaka yangu Baluku, ambaye sikuwa nimemsalimia miaka yote ile, akaja, akashika kiwiko changu, akakiinua. Udongo ukamfikia mama. Hapo nikaanguka nikimlilia Yesu mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo pombe sijaionja.

Bega tuliliombea sana. Halikupona. Na mama simwoni tena, inaniuma kila asubuhi. Lakini uongo umeniachia, namshukuru Mungu! Wewe uliyejificha leo na mzigo wako, Yesu yuko karibu, na ndugu yako amekaa hapo kwenye benchi. Mpe. Mimi nilingoja mpaka kaburini, wewe usingoje.