Ndoo Iliyonisema Ziwani

Mkiniona nimesimama mbele yenu nikitazama viatu, msidhani ni unyenyekevu. Ni aibu.

Ziwa letu dogo upande wa Igalula mnalijua. Ukame ukizidi hubaki maji ya katikati tu, na desturi yetu ni kuchota ya kunywa basi. Samaki wa pale haguswi, ni mbegu mpaka mvua zirudi. Miaka hii jua kali, mvua za kubahatisha, na kila kiangazi maji yanarudi nyuma zaidi. Mimi nikayafuata. Nikafyeka matete, nikapanda nyanya kwenye lile tope lenye rutuba. Yakirudi nyuma tena, nami nasogea. Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona mjanja!

Mwisho nikatumbukiza bomba la pampu kwenye yale maji ya mbegu. Wazee wakanionya. Nikawajibu, "Hii ni tabianchi, si mimi." Na kweli, joto sikulileta mimi. Lakini maji yakiwa kidogo hupata moto upesi. Asubuhi moja nikayakuta ya kijani, yananuka, perege wanaelea matumbo juu.

Nimesimama pale, pampu inanguruma, akaja mama mkwe kuchota maji. Kwetu mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso. Akanipa mgongo, akatua ndoo chini, akaiambia: "Ndoo, mwulize baba wa wajukuu zangu, leo watakunywa nini?" Akaondoka nayo tupu. Heri angenipiga.

Nikazima pampu. Nyanya zikakauka zote, nikaungama mbele ya kijiji nikilia kama mtoto. Wangenifukuza, nisingelalamika. Akina mama wa kikundi cha maji wakanipa jembe: "Rudisha ulichofyeka." Tukapanda matete pamoja, mashamba tukayaondoa ukingoni. Mvua iliporudi ziwa likajaa, ingawa si kama la zamani. Kambale waliojificha topeni wakatoka. Perege bado ni wa kuhesabu, na kila nikivuka pale moyo unaniuma.

Nililojifunza ni hili: jua likituibia maji, tusilishikie gunia.

Akina mama, asanteni kwa lile jembe. Na yupo mmoja amekaa nyuma ya nguzo ili tusitazamane. Juzi nilimsikia ziwani akisema, "Ndoo, leo umejaa." Ndugu zangu, mlio karibu naye, mwambieni asante.