Marehemu Gershom Komora Buya: Mto Ulihama, Shamba Halikuhama

Marehemu Gershom Komora Buya alizaliwa Kulesa tarehe 3 Mei 1951, mto ukiwa umejaa na kutandaa mashambani, kama ulivyofanya kila mwaka kabla maji hayajazuiwa huko juu kwa mabwawa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Mzee Buya Komora na Mama Perpetua Habona. Shamba la wazazi wake lilianzia ukingo wa magharibi na kuingia ndani hadi kwenye mikoma. Ng'ambo yake, ukingo wa mashariki, palikuwa na shamba la Mzee Dhadho. Mke wa Dhadho alifariki wiki chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Dhadho alimfunga mtoto kwa kanga ya marehemu, akampakia mtumbwini, akavuka, akampa Perpetua. Hakusema mengi wala hakuulizwa mengi. Perpetua alikuwa ananyonyesha, basi mmoja akapewa ziwa la kulia na mwingine la kushoto. Mtoto huyo ndiye Levi. Wawili hao walibatizwa siku moja, na mpaka walipoota meno wageni walidhani ni mapacha.

Mwaka 1959 walipelekwa pamoja shule ya misheni huko Wenje, wakakaa nyumbani kwa katekista. Walijifunza kusoma, kuandika, kupalilia na kutumikia misa kwa Kilatini, lugha ambayo hawakujua maana yake lakini waliisema bila kukosea. Mtoto wa leo haijui hata Baba Yetu mpaka amalize kutazama simu. Kuna habari moja ya wakati huo ambayo marehemu aliisimulia maisha yake yote. Kabla ya Jumapili ya Matawi walitumwa kukata makuti ya mkoma kwa ajili ya maandamano. Wakamkuta kiboko na mtoto wake kando ya maji, wakatupa makuti, wakatimua mbio. Kwa hofu ya kurudi mikono mitupu, wakakata majani ya migomba ya mtu. Kesho yake waumini waliandamana na majani ya mgomba begani. Padri, Mzungu mwenye ndevu za kutisha, aliuliza kama Bwana Yesu alikuwa anaingia Yerusalemu au anapelekwa sokoni amefungwa majani kama samaki. Baada ya misa akataka kujua ni nani aliyekimbia kwanza.

"Ni mimi, Padri," akasema Levi.

"Anadanganya, Padri," akasema Gershom. "Ni mimi. Yeye alinifuata tu kwa kuogopa kubaki peke yake."

Walibishana mpaka Padri akachoka. Akawapeleka wote wawili kitubio, kwa kuwa mmoja wao lazima alikuwa amesema uongo mbele ya altare, na hakuweza kujua ni yupi.

Walimaliza darasa la saba mwaka 1966. Misheni ilimchagua Gershom kwenda kusomea ukatekista, Levi hakuchaguliwa. Hapo ndipo utoto wao ulipoishia. Levi alimbebea sanduku lake hadi barabarani, akamwambia aende akasome kwa niaba ya wawili, kisha yeye akaenda Kipini kuvua. Alirudi baada ya miaka michache akiwa na mabega mapana na msamiati ambao Mama Perpetua aliupiga marufuku ndani ya nyumba yake.

Gershom alianza kazi ya ukatekista mwaka 1969 na hakuiacha hadi miguu ilipomkataa. Alifundisha vijiji vya mtoni, akazika wafu padri alipochelewa, akabatiza watoto waliokuwa wanakata roho. Hakulipwa cha kutajika. Alikula kutoka shambani: mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Pia alichonga mitumbwi, na ilisemekana kwamba mtumbwi wa Mwalimu Gershom hauingii maji mpaka mwenyewe aruhusu.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa takatifu na Bi Gladys, binti wa Wenje. Msimamizi wake alikuwa Levi. Mungu aliwajalia watoto wanne: Joy, Filbert, Veronika, na Buya aliyetangulia mbele ya haki akiwa mdogo. Wazazi wa marehemu walizikwa katika shamba lao la ukingoni, Mzee Buya mwaka 1984 na Mama Perpetua mwaka 1993. Katika mazishi ya Perpetua, Gershom na Levi walishika jeneza upande mmoja, bega kwa bega, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni yupi aliyetoka tumboni mwake.

Kisha yakaja mafuriko ya El Nino. Mto ulikata kona. Maji yaliacha njia yake ya zamani na kupita magharibi mwa shamba la Gershom. Maji yalipotulia, shamba lilikuwa palepale, makaburi yalikuwa palepale, ila sasa yote yalikuwa upande wa mashariki, yamepakana na shamba la Levi, alilorithi kwa Mzee Dhadho, na katikati umebaki mfereji mkavu. Kwa watu wa Tana hilo si jambo geni. Baraza la wazee, ambalo sisi tuliliita gasa kabla halijageuzwa kuwa kundi la kupigiana picha na wanasiasa, lilikwenda, likatazama, likatamka neno lililorithiwa: mto ukihama, shamba halihami. Levi alikuwa wa kwanza kuitikia. Tangu siku hiyo Gershom, ambaye nyumba yake ilibaki magharibi, alivuka kwa mtumbwi kulima kilichokuwa chake, na Waorma waliponywesha ng'ombe wao kwenye mto mpya walipitia mfereji wa zamani, maana hata wao walijua mpaka uko wapi.

Wapimaji wa ardhi walifika Jumatano ya Majivu, tarehe 13 Februari 2013. Tangazo lilikuwa limetolewa kwamba kila mtu asimame kwenye shamba lake na kuonyesha mpaka. Gershom alikuwa kanisani akipaka watu majivu. Alipokumbushwa, alisema mpaka ule unajulikana na kila mtu, hata na ng'ombe wa Guracha, mfugaji wa Kiorma. Levi naye alikuwa kanisani, amepiga magoti benchi la tatu. Kosa la wawili hao lilikuwa ni kuamini kwamba neno la wazee lina miguu ya kwenda kujitetea lenyewe. Waliosimama shambani ni wana wawili wa Levi, ambao kanisa walishaliacha. Wapimaji waliuliza mpaka ni nini. Vijana wakanyoosha kidole mtoni. Shamba la Buya na Perpetua likaandikwa kwa majina ya vijana hao, pamoja na makaburi.

Gershom hakwenda mahakamani. Alikwenda kwa Levi. Levi alisema hakuwatuma wanawe, na atazungumza nao. Alizungumza nao, wakamwambia kwamba mambo ya gasa yalikuwa ya wakati wa wazee na sasa ni mambo ya hati. Levi akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomuumiza Gershom kuliko shamba lenyewe. Wasifu huu hautaficha kilichofuata, kwa sababu waliohudhuria leo wote walikiona. Padri aliposema tupeane amani, Gershom alimpa Levi mkono. Nje ya mlango wa kanisa hapakuwa na salamu. Alifundisha msamaha kila Jumamosi kwa watoto wa kipaimara, na mwenyewe aliubeba mzigo huo kama mtu aliyeajiriwa kuubeba.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alianza kushindwa kumeza. Hospitali moja ya Malindi ilithibitisha kwamba ni saratani ya koo. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akawa anaishi kwa uji na maziwa. Mwezi Aprili mwaka huu Levi alivuka kuja kumwona. Gershom aligeuza uso ukutani. Levi alikaa kwenye kigoda, akaaga, akaondoka. Ndipo marehemu akamuuliza binti yake Joy kama mgeni amekwenda.

"Amekwenda, Baba."

"Alikuja na nani?"

"Peke yake. Amepiga kafi mwenyewe."

Marehemu aligeuka kutoka ukutani. Kisha akasema, "Mzee yule hana nguvu za mkondo ule. Mwambieni asivuke tena peke yake."

Wiki za mwisho hakuwa na ombi ila moja. Alimwambia Bi Gladys, mbele ya watoto, "Nipelekeni kwa Mama." Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa.

Jumatano familia ilikwenda kwa wana wa Levi kuomba nafasi ya kaburi. Kando ya Mama Perpetua upande mmoja amelala mumewe. Upande wa pili pana nafasi ya mtu mmoja tu, kisha unaanza mteremko wa mfereji wa zamani. Vijana waliwapokea vizuri, wakawapa chai, wakakataa. Mkubwa wao alisema wanamheshimu Mwalimu, lakini kaburi ni dai, na akizikwa leo, kesho wajukuu wake watakuja na wakili. Filbert alikuwa ameshasimama kuondoka wakati Levi alipotoka ndani, akiegemea fimbo yake. Alikuwa amesikia yote.

"Mimi nikifa, mtanizika wapi?" akawauliza wanawe.

"Baba, maneno gani hayo. Si ulishatuambia? Kando ya Nyanya Perpetua."

"Pale ni pangu?"

"Ni pako, Baba. Nani atakunyima?"

"Basi mlazeni Gershom hapo."

Vijana walitazamana. Mkubwa akamuuliza, kwa sauti ya chini, yeye atalala wapi.

"Mnipeleke makaburi ya misheni, nikalale na mapadri. Hao hawana mashamba ya kugombania."

Kesho yake kaburi lilichimbwa, na mmoja wa wachimbaji alikuwa yule kijana mkubwa. Hati bado iko kwa majina yao. Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, tumelivusha jeneza kwa mtumbwi aliouchonga marehemu, tukalipitisha katika shamba ambalo baba yake alililima, kwa ruhusa.

Marehemu ameacha mjane, Bi Gladys, watoto Joy, Filbert na Veronika, wajukuu saba, waumini wa vijiji vya mtoni aliowafundisha sala, na ndugu yake wa ziwa moja, Mzee Levi Dhadho, ambaye amempa kaburi lake.

Apumzike humo kwa amani.