King'ora Kilichopita Kwenye Miwa

Alhamisi hii, tarehe 31 Julai 2025, Bwana Eleuterio Mesa Quiñones anastaafu baada ya miaka arobaini na sita ya kazi. Nusu yake aliitumikia katika kiwanda cha sukari cha Santa Brígida, na nusu katika klabu yetu ya kompyuta, iliyo kwenye ofisi ya zamani ya mizani ya miwa. Wenzake humwita Yeyo. Sisi wanafunzi tunamwita Babu Yeyo.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, akawekwa kwenye maboila. Mwaka 1984 alikabidhiwa valvu ya king'ora cha mvuke. Mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku, alisimama chini ya mabomba yale matatu ya shaba na kuvuta mnyororo. Mtaa mzima uliamka, ukapika na kulala kwa mkono wake. Alikosea mara moja tu: siku binti yake alipozaliwa alivuta saa nzima kabla ya wakati, kwa furaha, na zamu nzima ikaja mbio ikidhani imechelewa.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2002. Mashine zilifunguliwa boliti moja moja zikaondoka kwa malori, na mabomba ya shaba yaliondoka nazo. Hakuna aliyekuwa amerekodi sauti ya king'ora. Nani hurekodi kitu anachokisikia kila siku? Mashamba ya miwa yakawa vichaka vya miba vya marabú. Sukari ya keki ya leo imeletwa kutoka nchi nyingine.

Wafanyakazi walipelekwa darasani kusomea kazi nyingine, na baada ya mwaka Babu Yeyo akaja klabuni kama mlinzi. Alijifunza kutengeneza kompyuta kwa kutazama. Tulikuwa na nane. Leo zinawaka tatu, na zote tatu zinawaka kwa sababu yake. Hatujaambiwa nani atashika nafasi yake.

Miaka minne iliyopita alikuta katika kompyuta moja programu ya kinanda, aina ile inayotengeneza sauti kwa kupunguza. Huanza na wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, lililojaa sauti za chini na za juu zikipiga kelele pamoja. Kisha kichujio huondoa. Ukikifunga, sauti kali za juu huondoka kwanza, ukikifungua, hurudi. Mwishoni kuna vitufe vinne vya muda: sauti ipande upesi kiasi gani, ishuke kwa mwendo gani, itulie wapi, na ukiiachia ife ghafla au polepole.

Maikel, ambaye sasa yuko darasa la saba, alimuuliza, "Babu, mbona unaanza na kelele mbaya hivi?"

"Mwanangu, umewahi kuona juisi ya muwa ikitoka kinuni? Ina udongo, ina nyuzi, wakati mwingine ina mdudu. Sukari imo humo humo. Sisi hatukuwahi kutengeneza sukari hata siku moja. Tulikuwa tunaondoa kisichokuwa sukari."

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja moyoni: kuurudishia mtaa king'ora chake kabla hajaondoka. "Nimekabidhi funguo zote," alisema, "isipokuwa huo mmoja."

Aliweka mawimbi matatu kwa mabomba matatu, na mvumo wa hewa mahali pa mvuke. Aliifanya sauti ianze chini kidogo kisha ipande, kwa sababu mvuke husukuma kwanza maji yaliyolala bombani; hilo alilijua yeye peke yake. Kwa kuwa umeme hukatika bila kuaga, alitufundisha kuandika nafasi ya kila kitufe kwenye daftari. Sauti ikipotea, namba zinabaki.

Kisha akawaita wazee wa meza ya domino waje wasikilize. Bwana Wilfredo alisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Yeyo, zima moto, maharage yanaungua! Hiyo ni sufuria ya presha."

"Masikio yenu yamezeeka."

"Yetu? Wewe la kushoto si ulilizika pamoja na kiwanda?"

Walicheka, naye akacheka. Walipoondoka aliifuta sauti ile yote. Alifanya hivyo mara kumi na nne. Kila mara kichujio alikiacha wazi kabisa, kwa kuwa king'ora alichokijua kilipasua masikio, na kila mara wazee walisema, "Sicho." Mwezi wa tano aliacha kuwaita. Alikuwa anakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa.

Juni alikuja dada yake mkubwa, Bibi Obdulia, anayekaa Palmarito, kilomita moja na nusu kutoka hapa. Alisikiliza sauti ya kumi na tano mkoba ukiwa mapajani.

"Wewe unatafuta king'ora chako, Yeyo," alisema. "Chetu kilikuwa kinapita kwenye miwa kwanza."

Maikel alikifunga kichujio polepole, mpaka ukali wote ukaondoka na kubaki kitu cha chini, kipana, kama kinachotoka nyuma ya kilima.

"Hiyo umeifunika blanketi," Babu Yeyo alisema. "Mimi siijui."

Lakini Bibi Obdulia alikuwa ameshasimama. "Acha nikachemshe maji," alisema, "Rigo anatoka zamu." Rigoberto, mume wake, alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Bibi Obdulia alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa tena taratibu.

Hapo ndipo Babu Yeyo alipojua kwamba kwa miaka kumi na minane alikuwa mtu pekee wa Santa Brígida ambaye hakuwahi kusikia kile ambacho kila mtu alikisikia.

Kwa hiyo saa nane na nusu leo, kabla ya keki, tunamwomba mstaafu aondoke kwenye sherehe yake mwenyewe. Aende Palmarito, akae kwenye ngazi ya nyumba ya dada yake. Spika imeshafungwa juu ya tangi la maji hapa klabuni. Saa tisa kamili Maikel atabonyeza, king'ora kilie. Kichujio tutakiacha wazi kabisa, kama Babu Yeyo alivyotaka siku zote. Hewa na vichaka vitapunguza kama vinavyojua kupunguza. Tutakaobaki hapa tuzibe masikio. Umeme ukikatika tutasubiri, naye tunamwomba asubiri. Namba zote zimo kwenye daftari.

Babu Yeyo, asante kwa kompyuta tatu, kwa daftari, na kwa mkono ulioamsha babu zetu. Huko uendako uishi vyema, na leo usikie vizuri kwa sikio lililobaki.

Lianet Frómeta, darasa la tisa, kwa niaba ya klabu