Kitufe cha Kona ya Kushoto

Kwenye mchomoko, gari dogo la abiria la Mhunze kwenda Shinyanga, kiti cha nyuma tulikaa watatu. Dirishani mimi, kofia usoni, najifanya nimelala. Katikati mama mwenye duka la kuchapa barua. Mlangoni Mwalimu Pantaleo, aliyenifundisha kompyuta, amepakata kompyuta yake ndani ya kitenge kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Fundi ananisubiri stendi anipigie windo mpya kwenye kompyuta hii," alimwambia yule mama, "lakini naona nirudi nayo tu."

"Urudi nayo? Ya zamani haina ulinzi tena, mwalimu! Mimi virusi vilinimalizia barua za watu. Piga mpya, ulale usingizi."

Mwalimu akashusha sauti. "Yaya, hapana, mama. Kwenye hiyo mpya kitufe cha kuanzia kiko katikati. Mimi miaka tisa nachora ubaoni kwa chaki: kona ya kushoto, chini. Kikihama, sijui pa kuanzia. Wanafunzi watanigundua."

"Si ujifunze kwanza?"

"Kwa nani? Mwalimu wa kompyuta pale ni mimi."

Nilikuwa karibu kucheka. Kisha nikakumbuka nakwenda kwenye usaili wa ukarani, na ndani ya bahasha yangu kuna cheti cha kompyuta cha daraja la kwanza, chenye saini ya Mwalimu huyu. Mimi pia ninachojua ni kona ya kushoto.

Gari likasimama stendi. "Shuka, mwalimu," mama akamwambia, "fundi wako si yule anapunga mkono?"

Mwalimu hakushuka. Wala mimi. Yule mama akabaki katikati yetu, anageuka huku na huku, hana pa kupita.