Mayu Lukresia na Pampu Isiyokuwa na Mwenyewe

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Lukresia Luhende, fundi sanifu wa maji, anastaafu baada ya kutumikia serikali miaka thelathini na mmoja. Karakana ya Bariadi imepata ruhusa ya kufunga mapema, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelikubali.

Alizaliwa Nkoma, akaajiriwa mwaka 1968 kama mpiga chapa. Wiki ya tatu, pampu iliyokuwa imewashinda mafundi wawili ililetwa uani. Lukresia alitoka na kikombe chake cha chai, akaitazama, akaomba spana. Hakurudi tena kwenye taipureta, na barua za mkuu wa idara zilichelewa mwezi mzima. Tangu hapo sote, hata waliomzidi umri, tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

Aliyefanya naye kazi anajua masharti yake. Gari likikwama, wa kwanza kushuka na kusukuma ni mwenye cheo kikubwa. Mhandisi mmoja mgeni alidhani ni utani. Alirudi Bariadi na suruali yenye rangi ya tope jeusi la mbugani.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo aliifanya katika wilaya ya jirani alikohamishiwa, kwenye kambi ya Wahadzabe ng'ambo ya bonde. Ilikuwa miaka ya mageuzi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kugombea pamba yetu, wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na kila kijiji kiliambiwa kiunde kamati na kumiliki kisima chake. Pampu ya Wahadzabe iliharibika mwaka 1994. Shirika lililochimba kisima lilikuwa limeshaondoka. Idara ilisema pampu ni ya kijiji. Kijiji kikasema watu wale ni wa kuhamahama, hawamo kwenye orodha yake. Barua ya Mayu ilizunguka ofisi tatu na kurudi na mihuri mitatu.

Akina mama wa kambi wakarudia kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Siku moja shimo lilibomoka, likamvunja mguu mama mmoja aitwaye Matilda. Mayu alimkuta amefungwa vijiti, akamuuliza kwa nini hawakuleta habari ofisini.

"Ofisi ipi?" Matilda akajibu.



Mwaka uliofuata, baada ya uchaguzi, aliomba nafasi mbele ya Baraza la Madiwani. Hakubeba ramani wala hotuba. Alibeba nakala ya daftari la wapiga kura, akasoma majina sitini na matatu ya watu wa ile kambi, moja moja, taratibu. Diwani mmoja akauliza kwa kuchoka, "Mama, hao wanahusiana nini na maji?"

"Karani alitembea siku mbili porini kuwafuata waandikishwe," Mayu akasema. "Kura zao zilikuwa za serikali. Kiu yao ni ya nani?"

Kuna waliocheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Jioni ile baraza liliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kisima kile ni jukumu la halmashauri, watu wakiwepo kambini au wakiwa wamehama. Vipuri vilifika baada ya majuma sita. Mayu aliifunga pampu mwenyewe, akamfundisha Matilda kubadilisha mipira ya pampu inapochakaa. Malipo aliyoyakubali ni asali, iliyokwisha njiani, kabla gari halijafika Mwandoya. Dereva wake, Ngeleja, anakana hadi leo kwamba ndiye aliyeila.

Aliporudi Bariadi mwaka 1997 hakuzungumzia habari hizi. Tulizisikia kutoka kwa mafundi wa kule, ambao sasa wanaitembelea pampu ile kila baada ya miezi mitatu kama nyingine zote, bila barua ya mtu.

Mayu, umetufundisha kazi, na umetufundisha kuuliza nani anawajibika mpaka apatikane. Tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda Nkoma ulime mpunga wako, ulale hadi jua lipande, ule na wajukuu. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za raha. Na ukituona tumesimama uani kwako na pampu mgongoni, tafadhali, usitufungulie mlango.